Sululu wa Kigutu

Maji yakijaa kwenye hori la Mida, ndege wote huwa na mguu mmoja. Hujipanga kwenye kifungu cha mchanga kilichobaki juu ya maji au kwenye matawi ya mikoko, kila mmoja kaukunja mguu mmoja ndani ya manyoya ya tumbo, mdomo kaufukia mgongoni, anasinzia. Ndiyo maana Oktoba ya 2022 nilimtazama ndege mmoja, sululu, kwa siku kadhaa nikimwona mzima kama wenzake. Hakujificha. Mimi ndiye niliyekuwa nikifika wakati mbaya: naja maji yamejaa, yakianza kupwa nashuka zangu kwenda kuvua.

Siku niliyochelewa kushuka ndiyo siku niliyomjua. Maji yalirudi nyuma, mchanga ukatoka, ndege wakaamka mmoja mmoja. Huyu ananyoosha bawa, yule anashusha mguu wa pili, wanaanza kuyafuata maji kwa miguu. Mmoja hakushusha. Alirukaruka kwa mguu wa kulia kama mtoto aliyechomwa na mwiba, akasimama, akaugusisha chini ule wa kushoto kidogo tu, akaurudisha juu upesi. Nikatia darubini jichoni. Unyayo ulikuwa mweusi, vidole vimekauka na kujikunja kama kaa aliyekufa juani. Juu kidogo ya vidole mshipi wa kuvulia ulikuwa umezunguka mara nne au tano, umezama mpaka ngozi imeufunika. Ncha yake ilining'inia kama shibiri moja hivi, ikimeta kila alipogeuka. Rangi yake samawati hafifu.

Mshipi wa rangi hiyo ninao. Kila mvuvi wa kijiji chetu cha Dabaso anao, maana sote twanunua dukani pamoja na hakuna aina ya pili. Sisemi ulikuwa wangu. Ila usiku ule nilikaa nikikumbuka mara ngapi ndoana yangu ilinasa kwenye mizizi ya mkoko, nikauzungusha mshipi mkononi, nikauvuta ukakatika, nikafunga ndoana nyingine nikaendelea na kazi. Kilichobaki kwenye mizizi sikuwahi kukifikiria.

Niseme kidogo mahali penyewe. Mida ni hori kubwa nyuma ya Watamu, pwani ya Kenya, linaingia bara mpaka karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Hakuna mto unaomwaga humo. Maji ni ya bahari, yanaingia na kutoka kwa mlango mmoja, pamoja na ya chini kwa chini yanayochuruzika kutoka bara. Eneo lote ni hifadhi ya bahari tangu 1968, nasi wenyeji twaruhusiwa kuvua kwa vyombo vya asili. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, likitoka, tope linaachwa wazi mpaka macho yachoke, na hapo ndipo ndege wanapokula. Mimi nilizaliwa hapo, nikaenda kufanya kazi ya ofisi Mombasa, ofisi ikafungwa 2020, nikarudi na begi moja na darubini niliyoachiwa na mgeni mmoja. Kuvua nilikujua tangu utotoni. Ndege nilikuwa nawajua kwa namna moja tu, na namna yenyewe nitaisema mbele.

Kama hukulelewa pwani, sululu unayemjua pengine ni ile ya kuchimbia. Ndege huyu ana jina hilohilo, na ukiuona mdomo wake huulizi sababu: mrefu, mwembamba, umepinda kwenda chini. Nani alimpa mwenzake jina, chuma au ndege, wabishi wa barazani hawajamaliza. Mwili wake ni wa kahawia wenye madoadoa, na utosini ana milia miwili myeusi kama mtu aliyechana nywele zake kwa makini. Sauti yake utaijua hata umefumba macho: mluzi mmoja wa haraka unaojirudia mara sita au saba, bila kupanda wala kushuka. Kwao ni kaskazini ya mbali, Skandinavia na Urusi, ambako hutaga mayai yake chini kwenye nyika baridi zisizo na miti. Kwetu huja kuanzia Agosti, na kufikia mwisho wa Aprili wengi wameshaondoka.

Basi nikaamua kumwokoa.

Mpango wangu niliona hauna kasoro. Ndege ana mguu mmoja, mimi ninayo miwili pamoja na wavu wa kimia niliouazima. Nikamchukua mpwa wangu wa miaka kumi na miwili, tukamzungukia maji yakipwa. Alituacha tukafika kama hatua thelathini, akaruka. Akatua mbele. Tukamfuata, akaruka tena. Sikuwa nimeelewa jambo dogo ambalo mtoto alilisema palepale huku tope limemfika magotini: "Mjomba, mabawa yake ni mazima." Ndege hakimbii kwa miguu. Mguu mbovu haukumpunguzia hata hatua moja ya kutukimbia angani. Ulimpunguzia kule kutua tu, maana kila alipotua alibaki ameinua mabawa muda mrefu kuliko wenzake, anaruka mara mbili tatu mpaka apate mizani, ndipo anayakunja. Nasi tulikuwa tunamrusha atue, tunamrusha atue, pale pale panapomuuma.

Siku tatu tulifanya hivyo. Siku ya tatu alipiga mluzi, akavuka hori lote akaenda upande wa pili, na hakuonekana kwa siku tisa.

Nilipomweleza Mjomba, ndugu wa mama yangu aliyevua Mida kabla hakujakuwa na mgeni wala darubini, hakucheka. Alikuwa anatia chubwi kwenye mshipi. "Mjomba," akaniambia, maana ndivyo tuitanavyo mimi na yeye, "sululu hali mchana kutwa kama mbuzi. Yeye husubiri maji. Maji yakitoka ndipo sahani imetandazwa, yakirudi imeondolewa. Wewe umekwenda siku tatu kumkalia sahani yake." Akakata uzi kwa meno. "Tena ukisema wamsaidia."

Lile la sahani niliambiwa tena kwa maneno ya kitaalamu. Watu wa A Rocha Kenya, shirika la kuhifadhi mazingira, wamekuwa wakiwavisha ndege pete za kuwatambua hapo Mida kwa miaka mingi, na kuna mtu wa kazi hizo nilikutana naye kwenye daraja la mbao lipitalo katikati ya mikoko. Akanieleza kuwa ndege anayeruka vizuri asikimbizwe, kwa kuwa kila anaporushwa anachoma mafuta aliyoyatafuta kwa taabu. Wao wenyewe hutumia nyavu nyembamba mno zisizoonekana gizani, na hata hivyo humkamata atakayeingia, hawamchagui wamtakaye. Nikamuuliza na ule mshipi je? Akautazama kwa darubini yangu muda mrefu. Akasema unyayo ule damu haifiki tena. Utaanguka wenyewe, na mshipi utaanguka nao. Hatari ni kabla ya hapo, ile shibiri inayoning'inia isije ikanasa kwenye mizizi ndege akabaki hapo maji yakapanda.

Kwa hiyo kazi yangu ikawa ya ajabu. Sikumfuata tena ndege. Nilifuata mizizi. Maji yakipwa nilipita pembeni ya mikoko pale anapopenda kula, wakati yeye yuko mbali, nikitoa mishipi ya watu. Wiki ya kwanza nilijaza chupa ya soda ya lita mbili. Mipya, mikuukuu iliyoota ukungu wa kijani, mingine ndoana bado iko. Mshipi wa nailoni hauozi kama kamba ya makumbi; ukiuacha leo, mwanao ataukuta. Nilipata na mmoja wenye fundo la kwangu. Kila mvuvi analijua fundo lake, kama unavyojua mwandiko wako.

Tarehe 3 Desemba niliandika kwenye daftari: "Umeanguka." Mguu wa kushoto ulikuwa umekoma pale mshipi ulipokuwa, kipo kigutu cha rangi ya kijivu, ncha yake imefungana kama kitovu. Mshipi haupo. Nilizunguka kuutafuta unyayo ule, usiniulize wa nini. Sikuupata, kaa huko hawaachi kitu.

Hapo ndipo nilipoanza kumtazama kweli. Kabla ya hapo nilikuwa nautazama ule mguu.

Sululu mwenye miguu yote miwili hula kwa fujo kidogo. Mida kuna kaa wadogo wa tope, dume ana gando moja kubwa karibu kama mwili wake, analipunga juu na chini kutwa kama mpiga debe wa matatu. Sululu hutembea kwa haraka kati ya matundu yao, anamwona mmoja amechelewa kuingia, anakimbia hatua nne tano, anamdaka. Akimkosa anatia mdomo tundu lilipo, anageuza kichwa ubavu, na ule mpindo wa mdomo unafuata mpindo wa tundu kama ufunguo kwenye kitasa. Kaa akitoka, hutikiswa mpaka gando lile kubwa likatike, hupelekwa kwenye kidimbwi akasuuzwa tope, kisha humezwa. Kaa kusuuzwa! Nililiona mara ya kwanza nikadhani macho yangu yamenidanganya. Nilikwenda kumwita mke wangu.

Wangu hakuweza kukimbia zile hatua nne. Kwenye tope laini kigutu kilizama kama kijiti, ikambidi apige bawa kukichomoa. Kwa wiki mbili hivi nilimwona akijaribu mtindo wa wenzake na kukosa, akijaribu na kukosa, na daftari langu la siku hizo ni la kusikitisha: nusu saa, kaa mmoja, nusu saa, hakupata. Mfupa wa kifua ulianza kuonekana. Niliwaza tena habari za wavu. Nikajizuia.

Kisha akahama. Aliiacha katikati ya hori, kwenye tope zuri lenye kaa wengi, akaja kwenye ukingo chini ya mkoko uitwao mchu, ambako chini ni mchanga uliochanganyika na tope, mgumu kidogo. Kaa ni wachache huko na sululu wengine hawakuugombania. Hapo kigutu hakikuzama. Kilikuwa gongo. Alitembea kwa kuchechemea, taratibu, na nyayo zake zikawa kitu nilichoweza kukisoma hata yeye akiwa hayupo: vidole vitatu, kitundu, vidole vitatu, kitundu. Asubuhi nyingi nilifika maji yameshapwa kitambo, nikajua amekuja usiku, amepita wapi, amesimama wapi. Wao hula usiku pia, maji yakiruhusu.

Na pale aliposimama, nyayo zilikuwa nyingi mahali pamoja. Hilo lilinichukua muda kulielewa mpaka nilipomkuta akifanya. Alikuwa hawakimbizi tena. Alikwenda penye matundu, kaa wote wakaingia ndani kwa woga kama kawaida, naye akasimama. Hakutikisa hata unyoya. Nilikuwa nimekaa juu ya gogo mbali kidogo, mbu wananila. Dakika ya tatu, ya nne. Tundu moja likatoa macho mawili juu ya vijiti vyake. Likatoa gando. Kaa akatoka mzima, akaanza kupunga. Mdomo ukashuka mara moja.

Nikaanza kuhesabu kwa kulinganisha. Februari, mwenzake wa miguu miwili katika nusu saa alikamata kaa kumi na mmoja, wangu saba. Siku nyingine tisa na saba. Siku moja ya upepo mkali wa kaskazi, ambayo sitaisahau, wangu alimzidi. Sitaki kuikuza: saba ni pungufu ya kumi na mmoja, na ndege anayekwenda mbali namna ile hana anasa ya upungufu. Lakini ule mfupa wa kifua ulifunikwa tena.

Mpwa wangu alimpa jina, Gongo. Mjomba hakulipenda. "Mnyama wa porini ukishampa jina utamdai," alisema. Sikumwelewa. Nilikuja kumwelewa Aprili.

Kabla ya Aprili niseme la wageni. Mwisho wa daraja la mbao kuna kibanda cha kutazamia ndege, na mara moja moja vijana wa kuongoza wageni wakiwa wachache niliitwa kusaidia. Kila mgeni aliyeonyeshwa Gongo aliuliza swali lilelile: anafanyiwa nini? Nikijibu kwamba haguswi, wengine walinitazama kama mtu asiye na huruma. Mama mmoja alitoa noti akanipa "ya matibabu yake". Niliirudisha, na kusema kweli mkono ulikuwa mzito kuirudisha, mwezi ule samaki walikuwa haba. Kuna na yule aliyemtazama dakika mbili akasema ndege huyu anamfundisha asikate tamaa maishani. Nilinyamaza. Gongo alikuwa anasuuza kaa. Sikuona kwamba anamfundisha mtu kitu.

Na mimi ningesemaje juu ya huruma? Nilipokuwa na miaka ya mpwa wangu, mshipi huohuo tulikuwa tunaufunga matanzi, tunayapanga kwenye mchanga maji yakijaa, tunawanasa vitwitwi na masululu kwa miguu. Ndiyo namna niliyokuwa nikiwajua ndege. Tuliwala. Nyama ya sululu inanuka kaa, na Mjomba mpaka leo ndiyo sababu anayoitoa ya kuacha, wala haoni aibu.

Ikaja Aprili 2023. Mwezi huo ndege hubadilika. Wananenepa mpaka mwendo unakuwa wa mkubwa wa shamba, hawatulii, na jioni jua likizama utasikia miluzi inaongezeka, kundi linainuka, linazunguka mara moja, linajipanga mstari na kwenda kaskazini juu ya msitu. Jioni ya kwanza wakaenda ishirini na kitu. Siku mbili baadaye kundi jingine. Mimi nikawa kila jioni niko pale, na kila jioni Gongo alikuwa ukingoni kwake chini ya mchu, anakula. Miluzi inapita juu yake. Mara moja alijibu. Hakuinuka.

Nilirudi nyumbani siku hiyo sina raha. Mke wangu akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia wamemwacha. Nilikuwa nimeshaitunga hadithi nzima: mlemavu aliyebaki peke yake, wazima wamekwenda kwao kuoa, yeye ng'ambo hii anatazama anga. Niliisimulia barazani vizuri sana, watu wakatikisa vichwa.

Ni yule mtu wa pete aliyeivunja, naye hakukusudia. Tulikutana mwezi Mei, nikamsimulia na yeye. Akasikiliza, kisha akauliza: "Waliobaki ni wangapi wote?" Nikasema wangapi vipi, ni yeye. "Hukuwahesabu?" Tukaenda kibandani tukahesabu. Sululu kumi na wanne. Kumi na watatu walikuwa na miguu yote, wazima kabisa, wanakula zao. Akanieleza kuwa ndege wengi wa namna hii, wakizaliwa na kuja kwetu mara ya kwanza, hawarudi mwaka uleule. Wanakaa msimu wote wa upepo wa kusi huku, hawana haraka, bado si wa kuzaa. Gongo huenda alikuwa kijana tu. Mguu huenda haukuhusika hata kidogo.

Miezi sita nilimtazama ndege mmoja kwa makini kuliko nilivyowahi kumtazama mtu, na wale kumi na watatu waliosimama naye sikuwaona. Barazani sikwenda kuisahihisha hadithi ile. Ilikuwa imeshapendwa.

Kusi ya mwaka huo ndiyo iliyonionyesha shida yake ya kweli, na haikuwa ile niliyoidhania. Nilikuwa nahofia kula. Shida ilikuwa kupumzika. Ndege mwenye miguu miwili akisimama kwa mmoja saa nne huubadilisha: anashusha huu anakunja ule. Gongo hakuwa na wa kubadilisha. Kwenye matawi ya mikoko, upepo wa kusi ukivuma, wenzake walishika na kuyumba na tawi. Yeye alijaribu, akapepesuka, akashuka mchangani. Na mchangani, baada ya saa mbili hivi, mguu ule mmoja ulianza kutetemeka. Ndipo alipolala kifudifudi, tumbo chini, kama kuku anayeatamia. Ndege aliyelala hivyo anachelewa kuinuka. Kunguru wa mjini walilijua hilo kabla yangu. Walikuja wawili wawili, mmoja mbele anamshughulisha, wa pili nyuma anamvuta mkia. Mara mbili niliona unyoya ukibaki mdomoni mwa kunguru. Mara zote mbili niliinuka nikapiga kofi, kunguru wakaruka, na masululu wote kumi na wanne wakaruka nao, Gongo akiwemo, akatafuta pa kutua upya.

Mara ya tatu sikupiga kofi. Nilikaa nikaona itakavyokuwa. Gongo aliinuka, akageuka, akaulekeza ule mdomo kwa kunguru bila kurudi nyuma. Wakatazamana. Kunguru akajifanya ana shughuli kwingine. Baada ya hapo nilimwona analala katikati ya wenzake, si pembeni. Kama alichagua au ilitokea, siwezi kumsemea.

Agosti na Septemba wakarudi wale wa kaskazini, mchanga ukajaa. Msimu huo wa pili sina mengi ya kusimulia, na nadhani hiyo yenyewe ni habari. Alikula, akalala kifudifudi, akala. Mpwa wangu alianza kidato cha kwanza, akawa haji tena ila likizo. Chupa za mishipi zikafika tisa. Wavuvi wawili walianza kuniletea ya kwao waliyoitoa kwenye mizizi, mmoja kwa mzaha, mmoja kwa kweli. Mimi mwenyewe ndoana ikinasa sivuti tena. Navua shati, naingia majini, naikwamua kwa mkono. Nimechanika na chaza wa mizizi mara nyingi kuliko niwezavyo kuhesabu, na Mjomba ananicheka kila mara.

Machi ya 2024 alinenepa. Nilijikataza kuandika chochote zaidi ya tarehe na idadi. Tarehe 17 Aprili, jioni, alikuwa chini ya mchu wake. Tarehe 18 ukingo ulikuwa na nyayo za asubuhi, vidole vitatu, kitundu, zikielekea majini. Tarehe 19 hakukuwa na nyayo. Nilizunguka Mida yote kwa mtumbwi siku tano, ukingo hadi ukingo, nikitazama na kwenye mizizi, kwa sababu hapo ndipo ningemkuta kama angekuwa amekufa vibaya. Nilikuta sululu kumi na mmoja waliobaki, nikawahesabu safari hii. Wote wazima.

"Nilikwambia utamdai," alisema Mjomba.

Septemba ile, bamvua la kwanza la mwezi huo, wageni wa kaskazini wameshaanza kurudi, nilikwenda kibandani mapema. Maji yalikuwa yamejaa mpaka chini ya mbao. Kwenye kifungu cha mchanga walikuwepo sululu thelathini na mmoja, wamesimama, kila mmoja mguu mmoja, midomo mgongoni. Wengine walikuwa wamelala kifudifudi, maana hata wazima hulala hivyo wakichoka, nalo nilikuwa sijalijua. Nilikaa na darubini mapajani. Karibu saa tisa alasiri maji yakaanza kurudi. Wa kwanza akanyoosha bawa, akashusha mguu. Wa pili akashusha. Waliolala wakainuka. Nilihesabu miguu kwa sauti ndogo, kama mtu anayehesabu pesa mbele ya watu.

Daftari la siku hiyo linasema: 31, wazima. Bamvua linalofuata ni la mwezi mpevu, Jumatano.